Mistari Miwili Iliyofanana

Karatasi ya kompyuta ya zamani, ile ndefu yenye vitundu pembeni na mistari hafifu ya kijani, ikilowa mafuta ya sambusa hutoa harufu ambayo sijaikuta kwenye kitu kingine. Si ya nyama, si ya kitunguu. Ni kama wino unaopashwa moto. Niliinusa tena nikiwa chuo kikuu, ndani ya chumba cha mashine, siku ambayo mwenzangu mmoja aliweka sambusa zake juu ya rundo la karatasi chakavu wakati mhadhiri akieleza jinsi kompyuta moja inayotumiwa na watu wengi inavyotunza majina yao na maneno yao ya siri. Wenzangu waliandika. Mimi nilinusa, na mara nikawa mtoto wa miaka minane, nimekaa juu ya ndoo iliyofudikizwa uani kwetu Biryogo, mtaa wa Waswahili mjini Kigali, namtazama shangazi yangu akikunjua karatasi taratibu kama anayefungua bandeji.

Niseme mapema kwamba siamini kila ninachokumbuka. Mengine nimeyasikia nikiwa mkubwa, nikayapachika humo kama vile niliyaona. Rika letu lina tabia hiyo, tunasimulia utoto wetu kana kwamba kuna mtu alikuwa akituandikia. Lakini karatasi ile naikumbuka, na swali lililotoka ndani yake bado ninalo.

Mama alikuwa anafanya kazi katika ofisi moja ya bima mjini. Alizaliwa na kulelewa Bujumbura, akajua Kifaransa na kupiga taipu, na mtaani kwetu hakukuwa na mke mwingine wa mtu aliyetoka asubuhi na mkoba kwenda kukaa ofisini. Kisha mashine za taipu zikaondolewa. Ikaletwa kompyuta moja kubwa, ikafungiwa peke yake katika chumba chenye baridi, na juu ya meza za wafanyakazi zikawekwa skrini zenye herufi za kijani, zote zikiwa zimeunganishwa na ile mashine ya chumbani. Mama alitueleza jioni hiyo huku akikanda unga wa chapati.

"Mashine ni moja, sisi tuko wengi. Sasa ukikaa tu inakuuliza, wewe nani? Unaandika jina lako. Halafu inakuuliza neno lako la siri."

"Neno gani?" niliuliza.

"Nikikwambia litakuwa siri tena?"

"Hata Baba hajui?"

"Hata babako."

Alilisema hilo kwa majivuno na kicheko, na Baba naye alicheka. Alikuwa na duka la vipuri vya magari, na kwa majuma kadhaa aliwaambia wateja wake, "Mke wangu ana siri na chuma." Mtaa mzima ukajua kwamba Mama Zuhura ana neno ambalo mumewe halijui. Wanawake waliokuja kuazima kinu walimtania, "Tuambie basi sisi, hatumwambii mtu." Naye akitikisa kichwa kama waziri.

Mimi kilichonisumbua kilikuwa kitu kingine. Nilimuuliza kama mashine inalijua neno lake. Alifikiri, akasema inalijua, la sivyo ingemtambuaje? Nikamwambia basi si siri, maana tayari wanaolijua ni wawili. Aliniambia nikachote maji.

Kwenye meza iliyofuatana na ya Mama alikaa Gaspari, mtu mrefu, mpole, Mkatoliki, mwenye gari dogo la rangi ya maziwa. Mvua ikinyesha alimpa Mama lifti hadi karibu na msikiti, na kama nilikuwa nimesimama hapo alinipa bombo, peremende zile za karatasi ya kung'aa, akiniuliza kwa Kiswahili chake, "Mutoto, iko unasoma?" Nikimjibu ninasoma, alisema, "Soma sana, utanunua gari kubwa kupita hii yangu." Nilimpenda. Leo nikijiuliza kama Mama naye alimpenda, sijui nianzie wapi kupima. Mvua ilikuwa mvua. Lifti ilikuwa lifti.

Shangazi Hadija, dada mkubwa wa Baba, aliuza sambusa kwenye lango la ofisi hiyohiyo. Karatasi za kufungia alipewa na karani kijana aitwaye Faustin, ambaye kazi yake mojawapo ilikuwa kutupa karatasi zilizochapwa zikaharibika. Faustin alikuwa amejifunza amri chache za kompyuta, basi akatembea ofisini kama mkwe wa mashine. Alipenda kuchapa vitu asivyotumwa, avionyeshe. Siku moja alichapa orodha ya watumiaji. Mashine za wakati ule hazikuificha. Mtu yeyote aliyeingia aliweza kuiona, kila mfanyakazi na mstari wake, yaani jina la kuingilia, kisha rundo la herufi zisizosomeka, kisha namba yake na mengine. Faustin aliitazama akacheka, akaenda nayo langoni.

Ndiyo karatasi ambayo Shangazi aliikunjua uani kwetu, imekwishafunga sambusa na kufunguliwa, ina madoa ya mafuta yaliyoifanya ionyeshe upande wa pili.

"Kaka, wewe unajua kusoma. Soma hapa."

Baba aliisogeza kwenye mwanga. "Hii nini? Mbona sioni maneno?"

"Ni wafanyakazi wa mle ndani. Jina, halafu hayo madudu yanayofuata ni neno la siri la mtu, mashine imelivuruga lisisomeke. Faustin kanieleza. Sasa tazama mstari wa wifi." Akaweka kidole. "Umeuona? Haya, tazama mstari wa Gaspari."

Baba aliweka kidole chake kwenye mstari mmoja, kisha kwenye mwingine, akarudi kwenye wa kwanza.

"Yanafanana!" nilisema mimi, kwa furaha ya mtoto aliyepata jibu kabla ya wengine.

"Hata mtoto kaona," alisema Shangazi. "Faustin kaniambia, 'Mama Hadija, hawa wawili iko na neno moja. Bengine bote kila mutu na yake. Mimi sisemi kitu, karatasi ndiyo inasema.'"

Mama alitoka jikoni akipangusa mikono. Baba hakupandisha sauti. Alimuuliza kama anayeuliza chumvi iko wapi.

"Neno lako ni nini?"

"Neno lipi?"

"La mashine."

"Baba Zuhura, si unajua tumekatazwa."

"Na Gaspari hakukatazwa?"

"La Gaspari mimi silijui."

"Karatasi inalijua."

"Basi iulize karatasi."

Shangazi aliinua mikono. "Wifi, mimi sina ugomvi na wewe. Mimi nauza sambusa tu."

"Uza sambusa, wifi. Usiniuze na mimi."

Tangu siku hiyo nyumba yetu ilikaa kama nyumba yenye mgonjwa. Baba alikula akatoka. Mama alizungumza na masufuria. Nilielewa kwamba Baba anataka kusikia lile neno na kwamba asipolisikia kuna jambo litatokea, maana nilimsikia Shangazi akimwambia Mama Saada wa nyumba ya pili, "Akikataa kusema, kaka atamrudisha kwao." Kwao ni wapi? Bujumbura ilikuwa mbali, na siku zile hata kuvuka mji tu ulikuta askari wamesimama barabarani wakiangalia kila kitambulisho. Nikaanza kuogopa kwamba Mama atarudishwa mahali ambapo mimi siwezi kufika.

Basi nikatafuta maana yangu mwenyewe. Darasani kwetu watoto wa Kinyarwanda wa tumbo moja walikuwa na majina tofauti kabisa, kila mtoto na lake, usingeweza kujua nani ndugu wa nani kwa kusikiliza mwalimu akiita. Sisi wa Biryogo tulibeba jina la babu, ukisikia mmoja umesikia wote. Nikafikiri, mashine imevumbua kile ambacho majina yanaficha. Mama na Gaspari ni ndugu. Hakuna aliyejua, hata wao, na mashine ikawaandika sawa. Jambo hili lilinifurahisha mno, kwa sababu lilimwondolea Mama kosa na likaniongezea mimi mjomba mwenye gari.

Siku chache baadaye Gaspari aliingia dukani kwa Baba kutafuta plagi. Nilikuwa pale nimetoka shule. Nikasimama vizuri, nikasema, "Shikamoo, mjomba."

Gaspari alicheka hadi akashika meza. "Mjomba! Yewe! Sasa Bwana Saidi, mimi iko shemeji yako!"

Baba alikuwa ameshika boksi la plagi mkononi. "Plagi zimekwisha," alisema.

"Na hizo?"

"Zimekwisha."

Gaspari alinitazama, akamtazama Baba, akatoka bila kuaga. Hakuwa na habari yoyote, nadhani. Au alikuwa nayo. Baba alinigeukia. "Nani amekufundisha kumwita mjomba?"

"Karatasi," nilijibu, na lilikuwa jibu la kweli.

Nilijaribu njia nyingine pia. Nilinakili zile herufi kwenye kiganja, nikamwonyesha mwalimu wa Kifaransa nimuulize zinasemaje. Alinishika mkono, akaugeuza huku na huku. "Hii haiko lugha," alisema, akanituma nikanawe. Kumbe kama si Kifaransa, si Kinyarwanda wala Kiswahili, Mama na Gaspari walikuwa wanasemezana kwa lugha gani?

Mama naye alikuwa na mpango wake. Jioni moja alirudi na karatasi mpya, safi, haijagusa mafuta, akaiweka mbele ya Baba pamoja na chai.

"Tazama. Nimebadilisha neno langu leo asubuhi, Faustin mwenyewe kanionyesha namna. Sasa yanafanana?"

Hayakufanana. Mstari wa Mama ulikuwa na herufi nyingine kabisa, na wa Gaspari ulikuwa uleule. Nilipumua. Nikangoja Baba naye apumue.

Baba aliisogeza chai pembeni. "Kwa hiyo baada ya kukamatwa, umebadilisha."

Mama aliichukua karatasi yake. Nami nikamtazama Baba. Hapo ndipo kitu fulani kichwani mwangu kilipofungana, na sijui kama kimewahi kufunguka. Yakifanana, ana kosa. Yasipofanana, ana kosa. Sasa karatasi ilikuwa ya kazi gani? Nilitaka kuuliza, lakini Mama alikuwa amekwishainuka, na kilichofuata kilikuwa sauti ya sanduku likivutwa chini ya kitanda.

Mama hakurudi kule mbali nilikoogopa. Alinichukua tukaenda Kabuga, nje kidogo ya mji, kwa dada yake, Mama Mkubwa Salima, ambaye mumewe alikuwa akinunua maharage sokoni na kuyapeleka mjini. Nyumba yao ilinukia magunia. Mbele yake ilipita barabara itokayo mjini, na kila gari lililopita nililihesabu kuwa ni Baba, mpaka likapita. Mama aliamka mapema kuwahi kazini na kurudi jioni kimya. Alisema tuko matembezi. Sikuona mtu anayekwenda matembezi na sufuria zake.

Siku moja walikuwa wanachambua maharage jikoni, mimi niko mlangoni na paka. Mama Mkubwa alimuuliza moja kwa moja, "Wewe na huyo Gaspari kuna nini?"

"Hakuna."

"Sasa hayo maneno yalifananaje?"

Mama alichambua kwanza. Kisha akasema, kwa sauti ambayo sikuwahi kumsikia nayo, "Mimi sikuwahi kuwa na neno langu, dada. Siku ya kwanza fundi aliyefunga mashine alitupa sote neno moja, akasema kila mtu abadilishe lake wiki hiyohiyo, asiyebadilisha ataondolewa kazini. Karatasi ya maelekezo ilikuwa ya Kiingereza. Wenzangu wakabadilisha. Mimi nilijaribu, ikanikatalia, nikaona haya kuuliza. Nilishajisifu mtaa mzima."

Mama Mkubwa alianza kucheka, akajizuia. "Na Gaspari?"

"Nitajuaje? Labda naye aliona haya. Labda mvivu."

"Si umwambie mumeo basi!"

"Nimwambie kwamba mkewe anayejua siri za mashine hajui hata kubadilisha neno? Halafu Hadija alipeleke langoni, wanifukuze?"

"Bora mjinga kuliko malaya, Mwanaidi."

"Kwake yeye, pengine," alisema Mama.

Nilisikia yote hayo na nikaelewa machache. Nilichokipata ni kwamba neno la siri ambalo Mama alilinda mbele ya mtaa mzima halikuwa lake. Nilihisi kama nimeambiwa kwamba pete yake ni ya kuazima. Nikamwonea huruma, kisha nikamkasirikia, kisha nikampelekea paka.

Baba alikuja Jumapili, duka likiwa limefungwa. Alivaa kanzu safi. Mama Mkubwa alimpa kiti, akaleta chai, akajifanya ana shughuli nje. Mimi nilikaa chini, na hakuna aliyenifukuza.

"Sikuja kugombana," Baba alisema. "Nataka neno moja tu, nirudi zangu au turudi wote."

"Lile la zamani?"

"Hilohilo lililofanana."

Mama alishusha pumzi. "Lile limekwishakufa, halifungui kitu tena, kwa hiyo naweza kulisema. Kigali."

"Kigali nini?"

"Ndilo neno. Kigali. Fundi alitupa sote. Mimi sikulibadilisha kwa sababu sikujua namna ya kulibadilisha. Umenisikia, Baba Zuhura? Sikujua."

Baba alimtazama, kisha akaanza kucheka. Hakikuwa kicheko cha hasira. Kilianzia tumboni, kikampandisha mabega, machozi yakamtoka, hata Mama naye akaanza kucheka kwa haya akifunika mdomo kwa mtandio. Mama Mkubwa alichungulia mlangoni, akamshukuru Mungu kwa sauti.

"Chukueni mizigo," Baba alisema. "Twendeni nyumbani."

Njiani tulishuka Sonatubes, njia panda ya kuingilia mjini, kungoja gari jingine. Mama alikwenda upande wa pili kununua mahindi ya kuchoma. Alitembea kwa wepesi, kama msichana, akibishana na muuzaji na kuchagua hindi. Nilibaki na Baba kando ya sanduku.

"Baba, ulicheka nini?"

Alikuwa anamtazama Mama kule ng'ambo. Basi lilipita mbele yetu, ubavuni limeandikwa Kigali kwa rangi nyekundu.

"Mwanangu, wewe ungekuwa na siri, ungeificha kwa neno lililoandikwa kwenye kila basi?"

Nilifikiri. "Hapana."

"Haya," alisema.

Mama akarudi na mahindi matatu. Alimpa Baba lililoiva vizuri kuliko yote.

Kwa hiyo nilijua, na Mama hakujua. Baba hakuamini hata herufi moja. Alimrudisha nyumbani mke ambaye yeye aliamini amemdanganya, na kwa nini alifanya hivyo nimejiuliza tangu siku hiyo hadi leo. Kwa sababu nyumba ilikuwa kimya? Kwa sababu yangu? Kwa sababu aliona uongo mwepesi kiasi kile unastahili msamaha? Au alikuwa amechoka tu, kama watu wanavyochoka, na kicheko kikampa mlango wa kutokea? Shangazi alirudi kula kwetu. Mama aliendelea na kazi. Mvua zikinyesha alirudi kwa miguu, viatu mkononi, na Baba alimtazama miguu yenye matope bila kusema kitu.

Kisha vikaja vita vile ambavyo wenzangu hamhitaji nivieleze. Tulitoka, tukaishi Ngara upande wa Tanzania, tukarudi. Ofisi ile ilikuwa imebaki kuta. Mashine ilichukuliwa, au ilivunjwa, sijui. Gaspari hatukumwona tena, wala Faustin, na kila tulipouliza tulijibiwa kwa mkono kupungwa tu. Baada ya hapo ungeanzaje kuuliza habari za mistari miwili kwenye karatasi ya sambusa? Swali lilikuwa dogo mno, likaona aibu, likakaa kimya. Lakini halikuondoka.

Ndipo siku ile chuoni mhadhiri akaeleza. Mashine, alisema, hailijui neno lako. Hilo peke yake lilinifanya niinue kichwa. Inalisaga, kama unavyosaga muhogo, na kinachowekwa kwenye orodha ni ule unga. Ukija kesho ukaandika neno lako, inalisaga tena na kulinganisha unga na unga. Kutoka kwenye unga huwezi kurudi kwenye muhogo. Kwa hiyo Mama alinijibu vibaya siku ile ya chapati, na mimi nilimbishia vibaya vilevile.

Nikauliza, maana siwezi kukaa bila kuuliza, "Kama watu wawili wana neno moja, si unga wao utafanana?"

"Hapana," alisema. "Kabla ya kusaga, kila mtu hutiwa chumvi yake, herufi mbili ambazo mashine inazichagua kwa kubahatisha. Neno moja, chumvi tofauti, unga tofauti. Wawili wakichagua neno lilelile, kila mmoja kwenye meza yake, karibu kila mara ukitazama orodha hutajua."

"Na ukikuta mistari miwili inafanana kabisa?"

"Basi aliyefungua akaunti alikuwa mvivu. Aliandika mstari mmoja, akaunakili, akabadilisha majina, na wenyewe hawakuugusa tena. Siku hizi ule unga umehamishiwa kwenye faili jingine, analisoma mkuu wa mashine peke yake, kwa sababu watu walikuwa wanachungulia."

Nilitoka nje, nikasimama kwenye jua. Kile kilichomhukumu Mama ndicho kilichokuwa kinamtetea. Kama yeye na Gaspari wangepatana neno, mistari yao ingetofautiana, na Faustin asingecheka. Ilifanana kwa sababu hakuna aliyechagua kitu. Neno lilikuwa Kigali. Alisema kweli. Na hapohapo kichwa changu, ambacho hakinipi raha, kikaniambia kwamba hilo linathibitisha mstari ulinakiliwa, basi. Halisemi lolote kuhusu mvua, wala lifti, wala moyo wa mtu yeyote. Nilikiambia kinyamaze. Nilikuwa na habari njema ya kupeleka nyumbani.

Likizo ilipofika nilimkuta Baba barazani, mzee sasa, miwani imefungwa kwa uzi. Nikamweleza muhogo, unga na chumvi. Alinisikiliza kama alivyokuwa akimsikiliza fundi anayeeleza kwa nini gari haliwaki.

"Kwa hiyo wangekubaliana wao wawili, kila mmoja akaandika kwake, yangetoka tofauti?"

"Tofauti."

"Na yalifanana."

"Yalifanana, Baba. Mimi ndiye niliyeyaona wa kwanza."

Alivua miwani, akaipangusa kwa kanzu, akaivaa, akaivua tena. Uso wake ulilegea kwa namna ambayo sikuitarajia, nikafurahi, nikajiona nimefanya jambo kubwa. Aliinuka akaenda uani, nami nikamfuata. Mama alikuwa anaanika nguo, beseni liko miguuni, vibanio mdomoni.

"Mama Zuhura," Baba alisema. "Lile neno. Kumbe kweli lilikuwa Kigali."

Mama alitoa vibanio mdomoni. Ilimchukua muda kujua anazungumzia nini. "Neno lipi? La ofisini?" Akatabasamu kidogo. "Si nilikwambia. Kule Kabuga, ukacheka mpaka ukalia."

"Ndiyo. Lakini leo Zuhura amenieleza, na mashine yenyewe—"

Hakumaliza. Tabasamu la Mama lilikuwa limebaki usoni bila kazi. Aligeuka polepole, akanitazama mimi, hakumtazama yeye.

"Kwani alikuwa hajaamini?"

Baba alishika kamba ya nguo. Mimi ninayeuliza kila mtu kila kitu, nilitafuta la kujibu, nikaona nililolileta ni hilo tu. Mama akainama, akaendelea kuanika. Alianika kanga zake, akaanika shuka, akaanika blauzi zangu za chuo moja moja, akizikung'uta. Beseni lilipobaki na kanzu za Baba peke yake, aliingia ndani.